Benchi la Wageni wa Natanaeli

Umuhire alisikia Natanaeli akilisoma jina lake kwa sauti, kisha jina la baba yake, mlima alikozaliwa, mume, mtoto, na kijiji anachoishi. Wenzake wa kwaya walipiga vigelegele. Yeye naye akapiga, maana ukisifiwa mbele za watu halafu ukakunja uso, utaulizwa una nini, na Umuhire hakutaka kuulizwa chochote.

Hiyo ilikuwa mwaka 2014, kijiji cha Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Natanaeli alikuwa na chumba cha udongo chenye kompyuta tatu kuukuu na paneli ya jua juu ya bati. Aliuza vocha, akachaji simu za watu, na muda uliobaki aliutoa bure kwa kamusi elezo ya Kiswahili iliyoko mtandaoni, ile ambayo kila mtu anaweza kuandika ndani yake. Alikuwa ameiandikia kwa bidii hadi wenzake wa Tanzania na Kenya, ambao hajawahi kuwaona kwa macho, wakampa cheo cha mkabidhi: mtu mwenye ruhusa ya kufuta kurasa, kuzifunga, na kuwazuia waharibifu. Misiera nzima walimwona kama mtu aliyepata kazi serikalini, ila mshahara ndio haukuwapo.

Kama kuna binadamu aliyezaliwa kukaribisha wengine, ni huyo. Nje ya mlango wake aliweka benchi la mbao la kutosha watu watatu, na ole wako upite hapo bila kusikia, "Karibu, ndugu, kaa." Alisema siku alipoingia Nakivale alisimama juani tangu asubuhi mpaka jioni na hakuna aliyemwambia akae, akaapa haitatokea kwa mtu mwingine mbele ya macho yake. Kwenye kamusi alikuwa hivyohivyo. Kila mgeni aliyejiandikisha alipokea ujumbe wake. Hata waliokuja kutukana na kuvuruga kurasa aliwakaribisha kwanza, kwa sababu kwake mharibifu alikuwa mgeni ambaye hakupokewa vizuri.

Siku hiyo alikuwa akiwaonyesha ukurasa mpya aliouandika kuhusu kwaya yao, Kwaya Mlima wa Neema, naye ndiye katibu wake. Mwandishi mwingine angeandika kwaya ilianza lini na ina nyimbo ngapi, akaishia hapo. Natanaeli aliandika jinsi watu wa milima ya Kivu ya Kusini wanavyomtambulisha mtu kwa heshima. Kwao hujatajwa mpaka atajwe aliyekuzaa, na mlima wenu, na nyumba uliyoolewa. Kumtaja mtu kwa jina tupu ni kumdharau. Basi kila mwimbaji alipewa haki yake, na Umuhire, mwimbishaji wa sauti ya pili, alipewa yote: binti Semahoro wa mlima Murambya, mjane wa Sebagabo mwana wa Karekezi, mkazi wa Misiera pamoja na bintiye Shimwa.

"Angalia, Mama Shimwa," Natanaeli alisema, uso umemng'aa. "Sasa hata muntu wa Kanada atakusoma. Hata wa Australia. Banajua weye ni nani."

"Na wa Uvira?" Umuhire aliuliza.

"Wa Uvira pia! Fasi yote yenye kuwa na intaneti."

Sebagabo alikuwa Uvira, huko Kongo walikotoka. Na hakuwa amekufa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Sebagabo alimpiga tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa mkono, kisha kwa fimbo ya ng'ombe, na siku alipompiga mbele ya mtoto ndipo Umuhire akatoka nyumbani kama anakwenda sokoni, Shimwa mgongoni, asirudi tena. Hakuogopa kufuatwa yeye. Aliogopa Shimwa kuchukuliwa. Ng'ombe wa mahari walikuwa wametolewa, wote, mbele ya mashahidi, na kwa desturi yao ng'ombe wakishatolewa, mtoto ni wa nyumba ya baba. Sebagabo akijua walipo hatahitaji hata kupandisha sauti. Atakaa na wazee, atawataja ng'ombe wake, na wazee watasema mpeni mtu mtoto wake. Alishamwambia zamani: wewe ukitaka kwenda nenda, lakini huyu nitamtafuta hata chini ya ardhi.

Kwa hiyo alipofika Nakivale, Umuhire alisema ni mjane. Alisema hivyo kwa walioandika majina ya wakimbizi, akasema kanisani, na alipojiunga na kwaya akasimama kujitambulisha mbele ya wote kama ilivyo desturi. Angeweza kudanganya majina? Haiwezekani. Ungetaja baba wa uongo, mama mmoja wa pale angeuliza ni wa ukoo upi, mwingine angesema mbona sura yako ni ya Semahoro. Hivyo alisema kweli yote, akadanganya kitu kimoja tu, kifo. Na vita vilikuwa vimeua watu wengi kiasi kwamba hakuna aliyeona ajabu kwa mmoja zaidi.

Shimwa naye aliamini. Alikuwa na miaka mitano, na kila jioni kabla ya kulala aliomba: Mungu umwangalie baba huko mbinguni. Umuhire alijibu amina, akageuza uso ukutani.

Wiki iliyofuata Natanaeli aliwaita wanakwaya mmoja mmoja kuwafundisha kuandika. Umuhire alikaa kwenye benchi mpaka zamu yake, akaingia, akaonyeshwa. "Unabonyeza hapa penye 'Hariri'. Usiogope. Hata ukikosea, hakuna kitu kinapotea." Aliandika sentensi moja kuhusu ziwa, Natanaeli akapiga makofi kana kwamba mtoto amechukua hatua yake ya kwanza.

Hakuweza kumwambia aondoe jina lake. Angeulizwa kwa nini. Angejibu nini? Kwamba hataki kujulikana? Mwimbaji asiyetaka kujulikana! Na akisema kweli, Natanaeli, mtu mwema asiyejua kuficha hata alichokula, angempelekea mchungaji habari hiyo kwa nia njema kabisa. Umuhire angesimamishwa kwaya kwa uongo, na habari kwamba mjane wa Misiera ana mume hai ingevuka mpaka kabla ya jua kuzama. Ilibidi aliondoe mwenyewe, na kimya kimya.

Alikuwa akienda mjini Mbarara kununua nguo za mitumba za kuuza. Safari hiyo, alipomaliza shughuli zake katika mtaa wa Kakoba, aliingia kwenye chumba cha intaneti chenye pazia la shanga.

"Nyabo, mama, unataka kompyuta? Kaa pale, hiyo ya dirisha iko sawa," mwenye duka alisema, mwanamke mnene aliyekuwa akisuka nywele za mtu.

Umuhire aliutafuta ukurasa. Akabonyeza Hariri, akaipaka rangi sentensi yake yote kama alivyofundishwa, akafuta. Ukurasa ukarudi bila yeye. Waimbaji wengine wote walikuwepo, na baba zao na milima yao, na pale alipokuwa yeye sentensi mbili zilikuwa zimeshikana kama hajawahi kupita. Alifurahi, jamani. Alitoka akanunua chapati, akamnunulia Shimwa kandambili nyekundu, na kwenye gari la kurudi alilala usingizi.

Jumamosi kwenye mazoezi Natanaeli alisimama kabla ya wimbo wa kwanza.

"Kuna muntu amefuta dada yetu Umuhire kwenye ukurasa," alisema. "Lakini musiogope. Nimemrudisha. Na yule muntu nimemwandikia."

Akawasomea kutoka kwenye simu. Mharibifu hakuwa na jina, alikuwa namba tu ya kompyuta aliyotumia, lakini hata namba ilikuwa na ukurasa wake wa majadiliano, na hapo Natanaeli alikuwa ameweka: "Karibu sana, mgeni! Tumefurahi umefika. Tumeona umeondoa maneno fulani, huenda ni kwa bahati mbaya. Hapa ni nyumba ya kila mtu. Usiogope kukosea. Ukiwa na swali lolote niulize mimi, Natanaeli."

Wanakwaya walisema huyu kaka ana moyo. Umuhire alisema hivyo pia. Na lililomuuma zaidi ni kwamba ilikuwa kweli.

Aliporudi Kakoba alifuta tena. Natanaeli akarudisha tena. Akafuta mara nyingine, na ujumbe uliomngoja safari hii haukuwa na alama ya mshangao hata moja: "Tafadhali acha kuharibu kurasa." Kule Misiera jambo likawa kubwa. Mama Apolline, kiongozi wa kwaya, mwanamke aliyeweza kumnyamazisha mwimbaji kwa kumtazama tu, alitangaza kwamba anawajua wenye kufanya hivyo.

"Ni bale ba kwaya ya Gad," alisema. "Wivu. Banajua hawana sauti ya pili kama yetu."

Kwaya ya Gad, ambayo masikini haikujua hata kama kuna ukurasa, ikanyimwa kinanda ilichokuwa ikikiazima kila mwezi. Gad, kiongozi wake, akaja kuuliza kosa lake ni nini. Akaambiwa ajichunguze. Kisha wakafanya maombi. Mama Apolline alimshika Umuhire kichwa kwa mikono miwili akaomba kwamba mkono ule unaomfuta dada yetu ukauke, ukauke kabisa, na kwaya nzima ikaitikia amina, na mwenye mkono akaitikia pamoja nao. Usiku huo alinawa mikono kwa sabuni, akajicheka, halafu akalia.

Natanaeli, kwa kumhurumia, akaongeza picha. Alikuwa ameipiga siku ya Pasaka, Umuhire mbele, kinywa wazi, na Shimwa pembeni ameshika gauni la mama yake. "Shetani akitaka kukufuta," alimwambia akiwa mlangoni, "siye tunakuandika kwa herufi kubwa zaidi."

"Natanaeli, si ungeacha tu? Ni jina. Miye hainiumi."

"Kuacha? Mama Shimwa! Leo banafuta weye, kesho banafuta sisi wote. Kule nyumbani si ndivyo ilianza?" Macho yake yalikuwa mekundu. Akamwonyesha sehemu iitwayo Historia, ambako kila badiliko limewekwa mstari kwa mstari, tarehe na saa, lililofutwa na lililorudishwa. Sentensi ya Umuhire ilikuwa hapo mara nyingi kuliko ya mtu yeyote. "Unaona? Hata akifuta mara elfu, kila kitu kiko. Hakuna kitu kinapotea hapa."

Umuhire aliitazama ile mistari. Kila alipojifuta alikuwa amejiandika. Alihisi kama mtu aliyezama kwenye matope ya ziwani, akivuta mguu mmoja, wa pili unaingia zaidi.

Alijaribu ujanja wa mwisho. Badala ya kufuta, alibadilisha. Aliketi Kakoba akaandika kwamba mwimbaji yule anaitwa Nyiransengimana, binti Habiyaremye, asiye na mtoto. Aliona ni salama zaidi, kwani pengo lingeonekana lakini jina ni jina. Hapo ndipo alipokosea vibaya, na alijua alipomwona Natanaeli Jumamosi. Kumfuta mtu alikuwa amevumilia. Kumpa mtu baba ambaye si wake, hilo hakulivumilia. Yule mpole, mwenye benchi, aliufunga ukurasa asiweze kuugusa mtu yeyote ila wakabidhi, na ile namba ya Kakoba akaizuia.

Umuhire alikwenda kuhakikisha. Kwenye kompyuta ya dirishani maandishi yalisema: Umezuiwa kuhariri kwa sababu ya uharibifu. Chini yake palikuwa na kisanduku cheupe. Kama unaona umeonewa, eleza sababu yako hapa.

Aliweka vidole. Akaandika "Kwa sababu". Akakomea hapo. Kila mtu angesoma, Natanaeli wa kwanza, na yeyote wa Uvira baada yake, na ingekaa kwenye Historia milele. Alitazama yale maneno mawili, kimshale kikimemeteka mbele yake.

"Saa imeisha, nyabo," mwenye duka alisema. "Naongeza ama?"

"Hapana," Umuhire alijibu. "Imetosha."

Zikapita wiki kadhaa za utulivu. Ukurasa ulibaki umefungwa na picha yake ndani. Alianza kujiambia kwamba Uvira ni mbali, kwamba Sebagabo si msomaji, kwamba nani atafute kwaya ya wakimbizi. Alifunga mlango kwa kufuli hata mchana. Shimwa alikatazwa kucheza barabarani, akanung'unika, akavaa kandambili zake nyekundu akazunguka ndani ya chumba kama kuku aliyefungiwa.

Kisha Natanaeli alimwita kutoka ng'ambo ya njia, akipunga mkono.

"Kuya, kuya, kaa! Niko na habari ya furaha. Tumepata mgeni mupya kwenye kamusi. Na anakuuliza weye!"

Umuhire hakukaa. "Ananiuliza nani?"

"Kwenye majadiliano ya ukurasa. Amejiandikisha kama 'Mwana wa Karekezi'. Anasema ni wa nyumba ya marehemu bwana yako, alipotezana na nyinyi wakati wa vita. Anauliza kama Umuhire huyu ndiye yule wa Semahoro wa Murambya, na kama mutoto ni mzima." Natanaeli alijifuta jasho kwa furaha. "Nilifikiri nikuambie kwanza, lakini mgeni hawekwi kungoja. Nilimukaribisha, nikamuelekeza: ukifika Mbarara panda gari la Nakivale, shuka kituo cha Base Camp, uliza Misiera kwa Natanaeli wa kompyuta. Amejibu jana. Anasema asante, ameshatoka Uvira."

Umuhire aliona ardhi ikimjia. Alipofumbua macho alikuwa kwenye benchi, mgongo ukutani, na Natanaeli anampepea kwa kifuniko cha boksi.

"Miye ndiye," alisema.

"Ndiye nani, dada?"

"Miye ndiye mharibifu. Wa Kakoba. Ile mikono ulizuia, ni hii." Akamnyooshea. "Sebagabo hakufa. Huyo aliyekuandikia ni yeye. Anakuya kuchukua Shimwa."

Akamwambia yote, fimbo, siku ya soko, na uongo wake kwa kila mtu. Hakulia. Natanaeli ndiye aliyelia, mwanamume mzima, kifuniko cha boksi mkononi. Kisha akaingia ndani na Umuhire akamfuata. Akakaa mbele ya kompyuta, akafungua ukurasa wa Kwaya Mlima wa Neema, akabonyeza neno moja, akathibitisha. Ukurasa ukaondoka wote, na picha, na ile Historia ambayo haikupoteza kitu. Mkabidhi alikuwa na uwezo huo muda wote. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungemuambia mchungaji."

Natanaeli alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri kila kitu. "Ndiyo," alisema. "Ningemuambia."

Kukimbia tena? Aliwaza. Kupitia Ngarama mpaka Tanzania, na mtoto, na bila karatasi, aanze tena kujitambulisha mbele ya watu wapya watakaotaka kujua baba yake ni nani. Popote penye watu wake angeulizwa ni wa nani, na penye watu wasio wake angekuwa si wa mtu. Alikuwa amechoka. Jioni hiyo alikwenda mwenyewe kwenye mazoezi, akasimama mahali alipojitambulisha miaka mitatu nyuma, akajitambulisha upya, safari hii bila marehemu, akawaambia pia kwamba Sebagabo yuko njiani.

Mama Apolline alikuwa wa kwanza kusema.

"Nilikushika kichwa," alisema. "Nililaani mkono yako, na ukaitika amina."

"Ndiyo, mama."

"Toka kwenye mstari. Hutaimba mpaka kanisa likusemehe. Na Gad, Mungu wangu! Gad tumemnyima kinanda." Akageuka, mabega yakimtetemeka, na hakumtazama tena. Umuhire alivua joho la kwaya, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Alikuwa ameyajua hayo kabla ya kufungua kinywa, lakini kuyajua hakukupunguza kitu. Sauti ya pili ilianza bila yeye, ikayumba, ikaendelea.

Natanaeli aliwahamishia kwake, nyuma ya pazia la chumba cha kompyuta, mahali alipoweka betri. Mkewe alikuwa akiwaletea chakula. Hawakutoka. Palikuwa na harufu ya asidi na joto la bati, na Shimwa aliuliza kila saa kama wamefanya kosa gani.

Sebagabo alifika mchana, siku ya soko. Boda ilimshusha mbele ya mlango. Kupitia tundu la pazia Umuhire aliona viatu kwanza, vimepakwa rangi vikang'aa, kisha koti la kahawia, kisha ile fimbo. Alikuwa amenenepa. Alivua kofia kama mtu mwenye adabu zake, maana adabu ya mbele za watu hakuwahi kuikosa.

"Ni hapa kwa Natanaeli?"

"Ni hapa," Natanaeli alisema.

Mgeni alingoja. Natanaeli alikuwa amesimama mlangoni, mikono imeshika miimo yote miwili, midomo imebana, shingo imemtoka mishipa. Umuhire hajawahi kumwona mtu akipata taabu hivyo kwa kutosema neno moja.

Sebagabo akatoa simu kwenye koti, akasoma taratibu. "'Karibu sana, mgeni! Hapa ni nyumba ya kila mtu. Usiogope kukosea.' Si ni weye uliniandikia?"

"Ni miye."

"Bon, vizuri. Nimefika. Nitangoja mutoto yangu hapa, sina haraka." Akapiga hatua kuelekea benchi.

Hakulifikia. Mama Apolline, aliyeiona ile boda ikipita, alikuwa akivuka njia kutoka sokoni, mbio, kikapu kichwani, kitenge kinamfunguka. Akajitupa katikati ya benchi mpaka likalia, akatanua kitenge chake huku na huku, akahema. Mwimbaji mwingine akafika akakaa kulia. Mwingine kushoto. Wakazidi kuja, wengine na maharage yao ya sokoni mkononi, wakakaa kwenye magoti ya wenzao, wakakaa chini mbele ya mlango, mpaka benchi la watu watatu likawa halionekani. Gad mwenyewe alikuja akasimama pembeni, bado amenuna.

"Fasi hakuna, baba," Mama Apolline alisema.

Sebagabo aliwatazama, akacheka kidogo. "Nilitoa ng'ombe, mama. Batu banajua. Nimepanga chumba Kakoba. Leo mumejaa, kesho mutakuwa mumekwenda mashambani."

"Kesho tutakuwa hapa."

"Na kesho kutwa?"

Mama Apolline alikishusha kikapu. Aliinamisha kichwa, akafunga kitenge vizuri. Sebagabo akavaa kofia, akasimama juani muda mrefu bila mtu kumwambia neno, kisha akapanda boda akaondoka, pole pole, kama mtu anayekumbuka njia.

Nyuma ya pazia Umuhire alikuwa amembana Shimwa mno, mtoto akajinasua.

"Mama, ule ni nani?"

Umuhire alikuwa amemuua mtu yule kwa walioandika majina, kanisani, na kila jioni penye maombi ya mtoto huyu. Kwa kwaya nzima alikuwa ameshakiri, lakini si kwa mtoto.

"Ni baba yako," alisema. "Hakufa."

Shimwa aliutazama mlango, akautazama uso wa mama yake, akafikiri.

"Sasa juu ya nini hawakumwambia karibu?"

Nje Mama Apolline alikuwa akiomba maji ya kunywa, na hakuna aliyethubutu kuinuka kwenye benchi kumletea.